Moja Iko Wapi

Ripoti ilikuja imekunjwa mara nne ndani ya soksi.
Kusoma: ajitahidi. Kuandika: ajitahidi.
Kuhesabu: pametupu. Labda mwalimu kachoka,
labda kamwonea huruma mama mtu.
Dada akanikabidhi mtoto, daftari na chapati mbili.
"Juni yote ni yako. Mie nina zamu kiwandani."

Mimi fundi baiskeli, barabara ya nane, Ngamiani.
Nilichobakiwa nacho cha shule ni kovu la fimbo kiganjani
na neno hilohilo, ajitahidi,
kwa mwandiko wa mwalimu mwingine.

Siku ya kwanza Mwanahawa hakutaka daftari.
Alitaka pampu.
Nikamwachia pampu.

Siku ya pili nikaipindua baiskeli ya Mzee Shekigenda, miguu juu,
nikasema, nihesabie spoki, zisije zikawa zimepungua.
Akaanza vizuri, kidole kinaruka:
kumi na nane, kumi na tisa, kumi na kumi
(akanitazama; nikajitia natafuta spana),
ishirini, thelathini, arobaini na nane,
akazunguka, gurudumu nalo likizunguka naye,
hata akapandwa na hasira, akalipiga tairi teke.
"Mjomba, hili haliishi!
Moja iko wapi?"

Nikakaa juu ya matambara yangu ya grisi.
Miaka ishirini na miwili nafunga spoki,
swali hilo sijaulizwa, wala sijajiuliza.
Nikaomba uzi kwa Bi Mwanjaa, mshona madera wa jirani.
Akanipa wa kijani, na sindano juu, akidhani nimechanika.
Tukaufunga kwenye spoki iliyo karibu na valvu.
"Hii ndiyo moja. Tumeiweka sisi.
Ukiiona tena, simama."

Thelathini na tano.
Nikarudia mwenyewe: thelathini na tano.
Kumbe Mzee Shekigenda alikuwa akiendesha na pengo,
nami nimemrudishia baiskeli hiyo mara tatu,
nikimwapia kwamba iko sawa.
Nikatia iliyopungua, bure.
Mwanahawa akaandika kwenye boksi la mipira: SPOKI 36.
Ile sita ilitazama nyuma, kama mtu aliyeitwa.
Siku hiyo sikuigeuza.

b na d ndizo zilizotutoa jasho.
Alikuwa anamwandikia babake, aliye Mererani,
mwaka wa pili huu.
Dada njoo, aliandika. Dada njoo na viatu.
Nikachukua pampu, nikaisimamisha kando ya tairi.
Pampu mbele, tairi nyuma yake: b.
Tairi mbele, pampu nyuma yake: d.
Akatazama pampu, akatazama karatasi.
Akafuta kwa mate hata karatasi ikatoboka,
akaandika pembeni ya tundu: baba.
Barua ikaenda hivyohivyo, na tundu lake.

Jioni tulirudi kwa miguu, tukizisoma barabara:
ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja.
Asubuhi tukizishuka kinyumenyume,
akikosea tunarudi nyuma nyumba mbili.
Ya kumi na mbili pana bajia.
Siku moja nikampa elfu moja, anunue za mia saba.
"Chenji yako ngapi?" muuzaji akauliza.
Mafuta yakachemka. Foleni ikanuna.
Mimi nikaumana na ulimi wangu usinitoke.
Akahesabu vidole, vikaingia masizi,
akasema mia tatu,
akaipokea kama mtu anayedai haki yake.

Julai shule ikafunguliwa.
Ripoti ijayo itasema nini, sijui.
Kwenye boksi langu bado kuna "cehni" na "braki",
wateja wanacheka, kazi inafanyika.

Leo Mzee Shekigenda amepita bila kusimama,
kengele juu, ndizi kwenye keria.
Ule uzi sikuwahi kuufungua.
Nimeutazama mpaka barabara ya sita:
moja yetu inapanda, inashuka,
inapanda.